Kutua Mzuzu: swali la biashara kwa Capital Hill

UCHAMBUZI

Juni 10, 2024 ndege ndogo ya Jeshi la Malawi aina ya Dornier 228 iliondoka Lilongwe saa 3:17 asubuhi kwenda Mzuzu. Ilitarajiwa kutua saa 4:02, dakika 45 tu kwa safari ambayo kwa lori ni zaidi ya kilomita 300. Rubani hakuweza kuuona uwanja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, akashauriwa kurudi Lilongwe. Kesho yake mabaki ya ndege yalipatikana katika msitu wa Chikangawa. Watu wote 9 walikuwa wamefariki, akiwemo Makamu wa Rais Saulos Chilima.

Siasa za ajali ile zimejadiliwa sana. Kwa mfanyabiashara na msafirishaji liko swali jingine: nani analipia usalama wa zile kilomita chache za mwisho kabla ya kutua?

Ndege inayoteremka kwa nyuzi 3 hushuka kama mita 52 kwa kila kilomita. Ikibakiza kilomita 1 kugusa lami, iko juu kwa mita 50 na ushee tu. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinaweka mpaka wa urefu. Kwa viwanja vikubwa vyenye mitambo kamili ya kuongoza ndege kutua, mpaka huo hupanda kwa asilimia 2, yaani kama mita 20 katika kilomita ya kwanza. Mnara wa simu wa mita 40 hapo tayari ni kikwazo.

Hatari hiyo haiwahusu abiria peke yao. Januari 24, 2003 ndege iliyobeba mawaziri wa Kenya iligonga nyaya za umeme ilipokuwa ikiruka kutoka Busia, ikaangukia nyumba. Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, na marubani wawili walifariki. Huko Goma, barabara ya ndege ilikuwa imefupishwa na lava ya mwaka 2002. Aprili 15, 2008 ndege ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapitiliza hadi mtaa wa Birere wenye maduka mengi. Takriban watu 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Wafanyabiashara Wakongo walioko Dzaleka hawahitaji kuelezwa Birere ni wapi.

Kiuchumi, kuhamisha nguzo, kuweka taa juu ya minara na kulinda mipaka ya kiwanja ni gharama ndogo zikifanywa mapema. Mji ukishasogea, serikali hulipa fidia, na ndege inayogeuzwa njiani huchoma mafuta mara mbili. Gharama hiyo huishia kwenye nauli na bei ya mzigo. Tatizo ni kwamba jengo jipya la abiria huonekana na kuzinduliwa kwa sherehe. Nguzo iliyoondolewa haina mgeni rasmi. Capital Hill ikipanga bajeti, viwanja vya mikoani navyo vihesabiwe.

Kwa upande wetu, anayetaka kujenga ghala karibu na kiwanja, iwe Lumbadzi au Mzuzu, aulize kwanza mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu urefu unaoruhusiwa. Anayekodi ndege ndogo aulize kama kiwanja kina mitambo au rubani anategemea macho, uwanja mbadala ni upi, na nani atalipa mafuta ya kurudi. Wakishakubaliana, asimshinikize rubani kutua eti mzigo umechelewa.