Usalama wa Saiti Hufia Kwenye Zabuni

Fundi akianguka kutoka ghorofani, maswali ya kwanza humwelekea yeye: alivaa kofia ngumu? Alifunga mkanda? Maswali haya yana raha yake, maana hayamgusi mwenye jengo wala mkandarasi. Lakini Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Kofia gani ingewafaa?

Sheria ilikuwapo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, OSHA, ulikuwa ukikagua. Baada ya jengo jingine kuporomoka Kariakoo, 16 Novemba 2024, likiwa na wafanyabiashara ndani, iliundwa kamati. Sina ugomvi na kamati. Ila kila mara tunaanza kuuliza zege likiwa limeshashuka.

Wanaojua kazi hii huanza na hatari yenyewe. Mtaro wa kina kirefu hukatwa kingo zake kwa mteremko, au huegemezwa mbao na vyuma, kabla kibarua hajashuka. Ukingo wa ghorofa huwekewa reli, na tundu la lifti hufunikwa. Kofia, buti na mkanda ni kinga ya mwisho, pale yote hayo yanapobakiza hatari. Sisi tumeigeuza kuwa ya kwanza, na pengine ya pekee: fulana zinazong'aa hutoka stoo siku ya ukaguzi, huku jukwaa ni mirunda iliyogongomewa misumari ya kunyoosha.

Kwa nini? Kwa sababu jukwaa la chuma la kukodi, nyavu, reli na mshahara wa ofisa usalama ni gharama, na gharama hizo ndizo rahisi kukatwa anayeshindania kazi anapotafuta bei ya chini. Aliyeziweka zote hushindwa na asiyeweka hata moja. Mshindi naye humpa mkandarasi mdogo, mkandarasi mdogo humkatia fundi kazi kwa maneno ya mdomo, na fundi huokota saidia fundi alfajiri. Katika mnyororo huo kila mmoja hubana chake, na hakuna anayekumbuka kulipia kamba. Halafu tunamwambia wa mwisho kabisa awe mwangalifu!

Hong Kong ilijaribu njia nyingine mwaka 1996. Katika miradi ya serikali, vipengele vya usalama viliondolewa kwenye ushindani wa bei: vinatengewa fedha, takriban asilimia 2 ya mkataba, na mkandarasi hulipwa kwa kile alichokifanya na kikathibitishwa. Asipofanya, halipwi. Hapo kukata usalama hakumpi mtu zabuni.

Najua pingamizi la hoja hii: nyumba nyingi nchini hazijengwi kwa zabuni. Mtu wa Mbagala anayenunua tofali kidogo kidogo hatalipa ofisa usalama, wala mkaguzi hatamfikia. Kweli, na sidai hilo litatibiwa kwa mkataba. Lakini mwenye uwezo wa kusimamisha ghorofa nane hawezi kujificha nyuma ya mjenzi wa vyumba viwili, na serikali, ambayo ndiyo mteja mkubwa kuliko wote, haina hata pa kujificha.

Upande wa fidia unasema jambo hilohilo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hupokea michango ya waajiri inayokokotolewa kutokana na mishahara. Saidia fundi anayelipwa mkononi jioni hayumo kwenye orodha yoyote. Akivunjika mgongo, familia yake itaanza kwa kuthibitisha kwamba aliwahi kufanya kazi pale. Orodha ya majina na sahihi za kila asubuhi ingegharimu daftari moja. Mkaguzi anapoingia saiti, aliombe hilo daftari kabla hajatazama kofia, kisha amuulize mkandarasi aonyeshe mahali katika mkataba ambapo jukwaa lile limelipiwa.