Subira kabla ya nguvu: Mtoto mwenye usonji kwa daktari wa meno

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, watoto ni amana, na mtoto mwenye usonji ni amana inayohitaji uangalifu zaidi. Wengi wa watoto hawa huzipokea hisia kwa ukali kuliko sisi: taa huwachoma macho, mlio wa mashine huwasumbua masikio, na mkono wa mgeni huwatia hofu. Kwenye kiti cha daktari wa meno mambo hayo yote hukutana kwa wakati mmoja. Ndipo watu wazima wanapomkamata mtoto mikono na miguu, jino likang'olewa, na familia ikarejea nyumbani ikidhani kazi imekwisha. Jino limetoka, lakini hofu imebaki, na safari ijayo huenda mtoto asikubali kuvuka hata mlango.

Hoja yetu leo ni kwamba maandalizi ni sehemu ya tiba, nayo huanza nyumbani kabla jino halijauma.

Mtume (S.A.W.) aliuhimiza mno usafi wa kinywa, na sote twaijua sunna ya kupiga mswaki. Mtoto mwenye usonji anapoukataa, mara nyingi si ukaidi. Ni ladha kali ya dawa ya meno au wingi wa povu. Mtafutieni dawa isiyo na ladha kali, lakini yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na cha punje ya njegere kuanzia umri huo. Siku ya kwanza mswaki uguse meno kwa hesabu ya 3 tu, kisha acheni na mumsifu. Akizoea, hesabuni hadi 5. Iwe saa ile ile, mahali pale pale, kwa maneno yale yale, maana mazoea humtuliza.

Kwa daktari pia iwe hivyo hivyo. Tangu mwaka 1959 madaktari wa meno wa watoto wanayo njia ijulikanayo ya kueleza, kuonyesha, kisha kutenda. Safari ya kwanza mtoto akione kiti tu. Ya pili akikalie. Ya tatu afungue kinywa meno yahesabiwe. Mtengenezeeni picha za kila hatua, kuanzia mlangoni hadi kurudi nyumbani. Ombeni nafasi ya kwanza asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, na mchukueni na miwani ya jua na vifaa vya kuziba masikio. Kuomba hayo si aibu, na daktari mwema hatayakataa.

Atasema mtu: nauli na muda huo nitavipata wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini jino lililoachwa hadi likaoza hugharimu zaidi, na mwenye kuumia ni yule asiyeweza kujieleza. Mtoto asiyesema akianza ghafla kujipiga shavu, kukataa chakula au kukosa usingizi, wapo wanaokimbilia kusema ana jini. Mwombeeni dua, naam, lakini mtazameni na kinywani. Dua na tiba havigombani.

Tena kung'oa si njia pekee. Ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo hupakwa juu ya jino lililooza ili kuzuia lisiendelee kuoza, bila sindano wala mashine, ingawa huacha doa jeusi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Meno mabovu yakiwa mengi, daktari aweza kuyatibu yote kwa siku moja hospitalini, mtoto akiwa amepewa nusu kaputi na mtaalamu wake.

Ama vyuma vya kupanga meno, hivyo hukaa kinywani mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili au zaidi, na huhitaji kukazwa kila baada ya wiki kadhaa. Asiyeweza bado kustahimili mswaki asiharakishiwe vyuma. Ikiwa anatafuna na kutamka vizuri, kusubiri kwa ushauri wa daktari si kumdhulumu.

Anas bin Malik (R.A.) alimhudumia Mtume takribani miaka 10 tangu akiwa mtoto, naye alisimulia kuwa hakuwahi kukaripiwa. Hiyo ndiyo adabu ya malezi tuliyoachiwa. Basi mtoto huyu, asiyeweza kudai haki yake kwa maneno, asilipwe kwa kukamatwa na kufokewa.

Allah atujaalie subira katika malezi, na awape watoto wetu afya njema. Amin.

Wabillahi Tawfiq.