Ubatizo wa mableu: mchezo unaishia wapi?



Kila mwaka wa masomo unapoanza, mjadala uleule huzuka katika vikundi vyetu: kumpokea mgeni kwa kumsumbua ni desturi njema au ni uonevu? Wengi hujitetea wakisema: «Hatukumlazimisha mtu, wote walikubali.» Sisi tunaona kwamba jibu hilo halitoshi.

Desturi hii ina mizizi katika vyuo vya Ubelgiji. Huko kwenyewe, mwezi wa Desemba 2018, mwanafunzi mwenye miaka 20 wa chuo kikuu cha Leuven alifariki baada ya kunyweshwa mchuzi wa samaki na kukalishwa ndani ya shimo la maji baridi. Alikuwa ameomba mwenyewe kuingia katika chama kile. Mwaka 2023, mahakama ya rufaa ya Antwerpen iliwahukumu wenzake 18. Nchini Ufaransa, sheria ya 1998 inaadhibu matendo ya namna hiyo yanayomdhalilisha mtu, hata kama ameridhia. Kwa maana anayeogopa kutengwa hana uhuru kamili wa kukubali.

Kipimo chetu basi ni hiki: mgeni akisema «hapana», je, kesho atahesabiwa bado kuwa mwenzetu? Kumwomba mwanakwaya mpya aimbe ubeti mmoja si uonevu, ikiwa akiona haya ataachwa akae. Kufagia kanisa si uonevu, ikiwa wakubwa nao wanashika ufagio. Lakini kumpigisha magoti, kummwagia matope, kumtoza pesa za bia au kumpa jina la aibu, huku akijua kwamba akikataa atafungiwa mlango, huo ni uonevu, hata kama yeye mwenyewe anacheka pamoja na wengine.

Wakubwa watasema kwamba nao waliteswa, na udugu ukazaliwa. Udugu wao ulizaliwa katika kusoma pamoja, kugawana chakula kidogo na kuuguzana. Mateso yaliwafundisha tu kungojea zamu yao ya kutesa.

Tena tunauita «ubatizo». Katika Kanisa, mkatekumeni mtu mzima huulizwa na kujibu mwenyewe, na msimamizi husimama karibu naye. Tunapendekeza kila kikundi kifanye vivyo hivyo mwaka huu: kila mgeni apewe mkubwa mmoja wa kumwongoza, tangu siku ya kwanza.