Shoki mbili zisikupumbaze, kagua fremu kwanza

Ukifika Karura wikendi utaona vijana wenzako wakitamba na baiskeli za shoki mbele na nyuma. Nawe unazitaka, sivyo? Basi kabla hujatoa akiba yako, tulia kidogo.

Shoki ya nyuma ya bei rahisi mara nyingi ni springi tupu. Ukikanyaga pedali inadundadunda, na mlimani inakumaliza nguvu. Kwa njia za msituni, shoki inayobonyea milimita 120 hadi 150 inatosha.

Nunua fremu nzuri, hata kama ni mtumba. Tafuta nyufa, tikisa maungio. Mengine utabadilisha polepole: tairi kwanza, kisha breki za mafuta. Kwenye mteremko, rangi na stika hazitakuokoa.