Ukurasa wa Familia: Babu Hajachanganyikiwa, Ni Masikio

Mwezi huu tuongee habari ya masikio ya wazee wetu. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Babu yangu naishi naye hapa kambini. Siku moja ya kuhakiki kadi nilimwacha kwenye kivuli na karatasi yake, nikakimbia shuleni mara moja. Nilimwambia, "Babu, ukisikia jina lako, simama." Akaitikia kwa kichwa. Niliporudi saa nane watu wamepungua, yeye bado amekaa pale pale, eti hajaitwa. Jirani akaniambia, "Ameitwa mara tatu, mwalimu. Wakapita kwa mwingine." Mwezi ule tulikula mgao wa watu wanne na sisi tuko watano. Kosa lilikuwa langu, lakini nyumbani nilimfokea mzee mbele ya watoto. Alinisikiliza tu, halafu akasema, "Mjukuu wangu, watu wa siku hizi hawasemi. Wananung'unika."

Hapo ningeelewa, lakini sikuelewa. Nyumba nzima tulishakubaliana kwamba babu ameanza kuchanganyikiwa. Unamuuliza kama amekula, anakujibu habari ya mvua. Tena kuna jioni dada yangu alimwambia, "Babu, kaka amekuja." Mzee akainuka na fimbo kwenda kumfukuza paka. Tulicheka sana. Leo sicheki, maana nimejua sababu.

Masikio yakizeeka hayazimiki yote kwa pamoja kama taa. Kinachoondoka kwanza ni sauti nyembamba za juu. Irabu, yaani a, e, i, o, u, ni nzito na mzee anazisikia vizuri. Ila s, f, p, t, k, sh ni sauti dhaifu, hizo ndizo zinapotea. Sasa chukua maneno haya manne: paka, kaka, taka, shaka. Ukiondoa zile sauti dhaifu, yote yanabaki a-a. Mzee anajua umesema kitu, lakini neno lenyewe analikisia. Akikisia vibaya, sisi tunasema akili imeharibika.

Uzee si sababu peke yake. Babu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga unga upande wa Bunia, na makelele ya kila siku huua vijinywele vya ndani ya sikio, navyo haviotei tena. Wengine wetu tumepita kwenye milio ya risasi na mabomu. Kuna waliochomwa zile sindano za zamani za TB, streptomaisini, ambazo zinaweza kuharibu sikio moja kwa moja. Kwinini nayo hufanya masikio yavume, lakini mara nyingi uvumi huo huisha ukimaliza dozi. Wako pia waliotokwa usaha sikioni tangu utotoni bila kutibiwa. Na kuna kitu kidogo kabisa ambacho watu wanakidharau: nta iliyojaa na kukauka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwa watu waliopita miaka 60, zaidi ya mmoja katika kila wanne ana upungufu wa kusikia unaomsumbua katika maisha yake. Hesabu wazee wa block yenu uone.

Basi nilijifunza jaribio ambalo halina gharama, nawapa na ninyi. Tafuta saa ya utulivu, asubuhi kabla redio za majirani hazijaanza. Mzee akae, wewe simama nyuma yake umbali wa mkono ulionyooka, asione midomo yako. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole, akilisugua polepole. Toa pumzi yote kwanza, ndipo unong'one vitu vitatu vya kuchanganya, namba na herufi, kama "nne, B, sita." Mwombe arudie. Akipata vyote, sikio lile halina neno. Akikosea, nong'ona vitatu vingine tofauti. Katika vyote sita apate angalau vitatu. Asipofikisha, sikio hilo linahitaji kuonwa kliniki. Halafu hamia sikio la pili, na ubadilishe namba, wazee wetu wana akili, wanakariri.

Babu sikio la kulia hakupata hata kimoja. La kushoto alipata viwili.

Kumpeleka kliniki ndiyo ilikuwa kazi. Alikataa wiki nzima. Alisema akienda, watu watajua yeye ni kiziwi, na kiziwi hapewi nafasi ya kusema kwenye kikao cha wazee. Mimi nilitaka kubishana, lakini nikaona ana haki, ndivyo tunavyowafanyia. Mwishoni rafiki yake mmoja, mzee mwenzake, ndiye alimwambia, "Twende wote, na mimi nipimwe." Kwa hiyo ukishindwa na mzee wako, mtafutie mwenzake. Sisi watoto maneno yetu ni mepesi kwao.

Kipimo chenyewe hakiumi. Kwanza mhudumu anatazama ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa. Hapo tu babu alipata jibu la kwanza: sikio la kushoto limejaa nta hadi mlangoni. Walitupa mafuta ya kudondoshea siku kadhaa ili ilainike, kisha wakaisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Kilichotoka sitawaeleza, huenda mnasoma mkiwa mnakula. Tafadhali msijaribu wenyewe kwa njiti ya kiberiti, ufunguo au unyoya wa kuku. Mnasukuma nta ndani zaidi, na mnaweza kutoboa ngoma ya sikio. Na kama ngoma imetoboka au usaha unatoka, maji hayaingizwi kabisa.

Sikio la kulia halikuwa na nta, kwa hiyo tukapewa karatasi ya kwenda kupimwa mjini Juba. Huko mtu anavalishwa vipokea sauti vichwani mahali pa kimya, anasikilizishwa milio, mmoja mmoja, kila sikio peke yake. Akisikia anainua mkono. Wanachora kwenye karatasi sauti ndogo kabisa aliyoisikia, kwa kipimo cha desibeli. WHO ilivyopanga mwaka 2021, chini ya 20 ni kawaida, 20 mpaka 35 ni upungufu mdogo, 35 mpaka 50 ni wa kati, na kuendelea juu. Babu la kushoto lilikuwa kwenye wa kati, la kulia lilipita 60. Mazungumzo yetu ya kawaida yanafika kama 60, kwa hiyo upande ule nilikuwa naongea na ukuta.

Kifaa cha kuvaa sikioni hatukupata, nisiwadanganye. Hata ukikipata, betri zake ndogo huisha kwa wiki moja au mbili hivi, na nani atazinunua? Nimesoma kwamba Botswana, kijiji cha Otse, mafundi ambao wenyewe ni viziwi walianza miaka ya 2000 kutengeneza vifaa vya kusikia vyenye chaja ya jua. Jua tunalo hapa la kutosha. Viongozi wa kambi wanaosoma ukurasa huu, mkikaa na mashirika, ulizeni habari ya vifaa vya namna hiyo.

Tulichobadilisha nyumbani ni mazoea. Hatumpigii kelele tena, kwa sababu kelele inalipasua neno na sikio bovu linaumia upesi. Tunamgusa bega kwanza, tunakaa mbele yake penye mwanga, upande wa kushoto, tunasema taratibu. Asipopata neno, hatulirudii mara tano, tunatafuta lingine. Redio inazimwa wakati wa kuongea. Kwa mwezi mmoja alianza tena kuwasimulia watoto hadithi jioni. Ile nusu mwaka alipokaa kimya, tulifikiri ni uzee. Wataalamu walioandika kwenye jarida la The Lancet mwaka 2020 na tena 2024 wanataja kutosikia kati ya mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Si kila asiyesikia ataupata. Lakini mtu asiyeongeleshwa anafifia, hilo nimeliona kwa macho.

Neno moja la haraka: mtu akiziba sikio ghafla, kwa siku moja au tatu, au akiwa na usaha, damu, au kizunguzungu kikali, msingoje jaribio la kunong'ona. Nendeni kliniki siku hiyo hiyo. Kuziba kwa ghafla kuna dawa ikiwahiwa.

Siku ya kuhakiki iliyofuata tulimkalisha babu mbele kabisa, sikio la kushoto likielekea kipaza sauti, na mdogo wangu wa miaka tisa pembeni ili amguse bega jina likitajwa. Nilisimama mbali natazama. Jina lilipotajwa mzee aliinuka kabla mtoto hajanyoosha mkono.

Anayetaka nimwonyeshe lile jaribio la kunong'ona, anikute shuleni baada ya saa tisa, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Aje na mzee wake.