Nukta Unaiweka Wewe

Kwenye kikao chetu kilichopita hapa Adelphi, mwenzetu mmoja alitoa hoja kwamba watoto wa sekondari tunaowasaidia hesabu Jumamosi waruhusiwe kalkuleta muda wote. Eti majedwali ya logarithi tuliyosomea nyumbani ni mambo ya kale. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi napinga.

Kwanza, kalkuleta ya kubeba haikuanza na betri. Curt Herzstark, Mwaustria ambaye baba yake alikuwa Myahudi, alikamatwa na Wanazi mwaka 1943 na kupelekwa kambi ya Buchenwald. Kichwani alikuwa na mashine ya hesabu ya kuenea kiganjani. Wakaruhusu aichore humo humo kambini, wakitaka kumzawadia Hitler baada ya ushindi. Ushindi haukuja. Mashine ikaingia sokoni mwaka 1948, ikitengenezwa Liechtenstein, kwa jina la Curta. Moja imo kwenye hazina ya makumbusho ya historia ya Marekani, hapo Washington.

Umbo lake ni kama kinu kidogo cha kusagia pilipili manga. Unapanga tarakimu ubavuni, unazungusha mpini, jibu linatokea juu. Kuzidisha kwa 23, unazungusha mara 3, unasogeza kichwa chake hatua moja, unazungusha mara 2. Zilitengenezwa kama 140,000 hivi, mpaka kalkuleta za elektroniki zilipozifukuza sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Sasa sikilizeni. Curta haijui nukta ya desimali iko wapi. Ina vialama vya kusogeza kwa kidole, basi. Nukta unaiweka wewe, sawa na majedwali yetu, ambayo yanakupa tarakimu tu.

Muhula uliopita niliingiza upana wa boriti kwa milimita, kumbe programu inataka sentimita. Ikanijibu kwamba boriti inabeba mara kumi ya uwezo wake, wala haikunionya. Kilichoniokoa ni kukadiria kichwani, tabia niliyoipata kwenye majedwali. Ingekuwa daraja je?

Sisemi tutupe kalkuleta. Bila kompyuta hata mimi tasnifu simalizi. Nasema nusu saa ya kwanza iwe bila mashine, na baada ya hapo mtoto aandike kadirio lake kabla ya kubonyeza. Jumamosi nakuja na kitabu changu cha majedwali, kimechakaa lakini kinasomeka. Anayebisha naye aje.