Mbwa Kapigwa CT Scan, Mwanangu Kaambiwa Arudi Nyumbani (Sehemu ya 2)



Tangu niandike ile Sehemu ya 1 ya watoto kuanguka kitandani, inbox yangu imejaa video ya mbwa wa Marekani anaingizwa kwenye mashine ya CT scan, kafunikwa na kablanketi kake. Na chini yake maneno yaleyale: "Nesi, wenzetu hata mbwa anapigwa CT. Mwanangu kagonga kichwa sakafuni, nimeambiwa nikamwangalie nyumbani. Huku binadamu hana thamani."

Uchungu wako naujua, mama. Ila hoja hiyo naikataa.

Hebu tuanze na huyo mbwa. Mbwa hasemi panapouma. Anatoka damu puani wiki nzima, daktari wa mifugo akimpiga eksirei ya kawaida anaona mifupa imepandana tu, hajui kama ndani kuna uvimbe au kitu kimekwama. Au wale mbwa warefu wenye vijiguu vifupi, dachshund: diski ya uti wa mgongo inachomoka, miguu ya nyuma inapooza, na kabla ya kupasua daktari anataka ajue hasa ni pingili ipi. Hapo ndipo CT inapoingia. Na kabla ya hapo ameshakaguliwa mwili mzima kwa mkono, kabanwa vidole vya miguu kuona kama anahisi, katolewa damu. Halafu anapewa dawa ya usingizi, maana mbwa humwambii "tulia baba, dakika moja." Bili inamwendea mwenye mbwa, au bima ya mbwa kama anayo.

Sasa niambie. Mbwa aliyeanguka kutoka kwenye kochi, akasimama, akatingisha mkia, akala chakula chake, unadhani huko wanamkimbiza CT? Wanamwangalia nyumbani. Kama mwanao.

CT scan sio zawadi ya upendo. Ni eksirei nyingi zinazopigwa kuzunguka mwili, kompyuta inaziunganisha unaona vipande kama mkate wa slesi. Aliyeiunda, Godfrey Hounsfield wa Uingereza, alijaribia kwenye ubongo wa ng'ombe kutoka machinjioni kabla ya kumpima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Kwa hiyo wanyama wala hawajatuibia foleni, walitutangulia! Mashine nzuri sana, imeokoa watu wengi. Lakini inatumia mionzi, mingi kuliko eksirei moja ya kifua, na hapo ndipo mtoto na mbwa wanapoachana. Mbwa akibahatika anaishi miaka 10 au 15. Mwanao wa miezi minane tunamwombea 80, na mwili unaokua unaumizwa na mionzi zaidi ya mwili wangu mimi mtu mzima. Watafiti wa Uingereza walikadiria mwaka 2012 kwamba kwenye kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 waliopigwa CT ya kichwa, ndani ya miaka 10 anaongezeka mmoja mwenye saratani ya damu na mmoja mwenye uvimbe wa ubongo. Ni wachache, ndiyo. Kama kichwa kinavuja damu ndani, piga hiyo CT bila kuwaza mara mbili. Kama hakuna dalili, kwa nini umtwishe?

Na hao Wamarekani wa video, mnajua wao watoto wao wanawafanyaje? Mwaka 2009 walichapisha utafiti wa watoto 42,412 walioumia kichwa lakini wakafika hospitali wana fahamu zao. Waliokuwa na jeraha zito la ubongo ni 376. Waliohitaji kupasuliwa kichwa ni 60. Waliopigwa CT ni asilimia 35 tu, na utafiti wenyewe ulifanywa ili hata hao wapunguzwe.

Kwa hiyo daktari aliyemshika mwanao kichwa, akamchezesha, akakuuliza maswali kumi na mbili, hajakunyima kipimo. Amekupima. Anayenitia wasiwasi mimi ni yule anayekuandikia CT kabla hajamgusa mtoto, kisa umeonyesha una hela.

Ila sikilizeni, nisije nikanukuliwa vibaya. Mtoto amepoteza fahamu, amepata degedege, anatapika tena na tena, haamki vizuri, hakutambui, mboni za macho hazilingani, maji meupe au damu inatoka sikioni au puani, kichanga ana nundu laini pembeni au nyuma ya kichwa au utosi umevimba, ameanguka ghorofani au kwenye bodaboda: hapo usikubali "nenda kamwangalie." Piga kelele. Omba rufaa. Hapo CT ni haki yake, na hospitali kukosa mashine au mtu wa kuiwasha usiku ndicho cha kugombania. Hasira zenu zipelekeni huko, mwacheni mbwa wa watu.

Tena kuhusu mbwa, CT haionyeshi kichaa cha mbwa. Mbwa wa jirani asiyechanjwa ndiye anayeninyima usingizi. Akimng'ata mtoto, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mkimbize kituoni akachanjwe siku hiyohiyo hata kama ni mkwaruzo.

Mliorudishwa nyumbani: mtoto anyonye, ale, alale kama kawaida. Usiku mwamshe mara mojamoja uone anakutambua. Paracetamol kwa uzito wake inatosha, aspirini hapana. Siku mbili za kwanza asiachiwe dada wa kazi bila kumweleza hizo dalili.

Sehemu ya 3 Alhamisi: degedege la homa, na kwa nini kijiko kisiingie mdomoni.